Wakala Haachishwi kwa Simu

Vijana mnaofungua ofisi za uwakala siku hizi, mnaonunua kiti cha kuzunguka kabla hata hamjapata mteja, niwasemeshe kidogo. Mimi nimeshastaafu. Chumba changu cha ofisi pale Singida mjini kimekuwa saluni, na mimi nimerudi Ikungi kufuga kuku. Lakini kuna jambo moja, kila nikilikumbuka naanza kugombeza peke yangu, na kuku hawana kosa.

Watu wanajua kuanza. Kumaliza hawajui kabisa.

Mtu akija kusajili kampuni anakuja amevaa suti, ameongozana na mkewe, cheti kikitoka wanapiga nacho picha. Lakini siku anapotaka kuachana na wakala wake, anapiga simu akiwa juu ya pikipiki, upepo unavuma, anasema, "Basi mama, tumemalizana," anakata. Haya, umemalizana na nani? Unadhani msajili wa makampuni alikuwa anasikiliza hiyo simu?

Kwa wasioijua kazi yenyewe, ilikuwa hivi. Kampuni haina miguu wala mlango wake wa kuzaliwa nao. Serikali ikitaka kuiandikia, au mtu akitaka kuishtaki, lazima pawe na mahali panapojulikana pa kupeleka karatasi, na mtu wa kuipokea. Wenye kampuni wengi wako mashambani, machimboni au safarini. Basi wanaandika ofisi ya mtu kama mimi kuwa ndiyo anwani yao. Barua ikija napokea mimi, nampigia mwenyewe, naifikisha. Unaweza kudhani ni kazi ya kukaa tu. Ni kazi ya kukaa, ndiyo, lakini umekaa na masikio wazi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Ramadhani, karani wa wakili mmoja ambako nilianza kama mpiga chapa. Mzee yule alikuwa mkali kwa mambo madogo. Ukipokea barua ukatupa bahasha, siku hiyo hamsemeshani. "Mhuri wa posta uko juu ya nini, binti? Juu ya barua au juu ya bahasha?" Ukijibu bahasha, anakuuliza, "Sasa siku mteja akisema barua ilichelewa, utamwonyesha nini?" Akanizoesha kubana bahasha nyuma ya barua, na pembeni kuandika jina la aliyeileta. Mpaka leo nikiletewa kadi ya harusi naibana na bahasha yake. Wajukuu wananicheka.

Zamani hizo, kubadili wakala ilikuwa safari. Unabeba faili, unapanda basi kwenda Dar es Salaam, unapanga foleni, unarudishwa kwa sababu sahihi imetoka nje ya mstari. Watu waliogopa kubadili kwa sababu ya ule usumbufu, na waliobadili walibadili kwelikweli. Siku hizi mambo yako kwenye mtandao, mtu anaweza kumaliza akiwa amekaa nyumbani kwake. Na kwa kuwa imekuwa rahisi, hawafanyi! Mchimbaji mmoja wa Sekenke aliniachisha kwa ujumbe wa sauti, nyuma karasha linasaga mawe. Nilisikiliza na kurudia, nikaambulia "mama" na "basi tena". Nikabaki najiuliza, basi tena nini? Ameacha uwakala, ameacha uchimbaji, au ameachana na mke? Yule angalau nilimpata, akaja akasaini. Aliyenitoa jasho ni Kitundu.

Kitundu na dada yake Naomi walikuwa na kampuni ya kukamua alizeti kule Nduguti. Mashine moja, ghala moja, uzio wa bati. Marehemu mama yao nilikuwa naimba naye kwaya, na walipoamua kufungua kampuni mama huyo ndiye aliyewaleta kwangu. Kitundu alikuwa anashughulika na wanunuzi na safari, Naomi anasimamia mashine. Naomi ni mkubwa, ana sauti ya kuzidi mashine. Kitundu ni mpole, mwenye maneno mazuri, na ndiyo shida ya watu wenye maneno mazuri, huwezi kujua lini wamekwambia jambo.

Siku moja akanipigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Alizeti?"

"Inakuja vizuri, mama. Sasa mama, nilikuwa nasema hivi, umetusaidia sana, na umri unakwenda, tumeona upumzike. Kuna kijana Dodoma ana ofisi nzuri, tutaendelea naye. Mungu akubariki sana mama."

"Sawa. Niletee barua, wewe na dada yako msaini, na huyo kijana aandike kwamba amekubali. Halafu mbadilishe anwani kwa msajili, maana akaunti ya kampuni ni yenu, mimi siwezi kuingia."

"Hakuna shida mama." Akakata.

Nikasubiri barua. Nikapiga simu kukumbusha, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena baada ya muda, vilevile. Nikamwandikia ujumbe, hakujibu. Nilimpigia hata yule kijana wa Dodoma, maana siku ile ya simu Kitundu alinitumia namba yake.

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Kampuni gani? Ya alizeti? Aah, tulikutana na huyo kaka kwenye msiba, akaniuliza kama nafanya hizo kazi, nikamwambia tutaongea. Hatujaongea."

Hapo nikajua kwamba ile kampuni iko hewani. Mwenyewe anadhani wakala yuko Dodoma. Wa Dodoma hana habari. Na kwenye kumbukumbu za serikali, wakala ni mimi, niliyeambiwa nipumzike.

Mashine za alizeti zilikuwa zimeshaanza kunguruma kila mahali, msimu umeiva, alipokuja Juma. Juma alikuwa tarishi wa baraza la ardhi, tunafahamiana miaka, hakai bila kuuliza kama kuna chai. Siku hiyo hakuuliza. Alitoa karatasi akaiweka mezani.

"Wito, mama. Ni ile kampuni ya Nduguti. Kuna mzee amewashtaki, anasema uzio wao umefunga njia ya ng'ombe kwenda bwawani. Anataka uvunjwe na mashine isimame mpaka shauri liishe."

"Juma, mimi siyo wakala wao. Waliniachisha."

"Barua iko wapi?"

"Waliniachisha kwa simu."

Juma alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliniudhi zaidi. "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha mimi kwamba simu siyo karatasi. Nikirudi nayo, mwenyekiti ataniuliza. Usipopokea nabandika mlangoni, na itahesabika imefika."

"Bandika basi!"

Akabandika. Aliibandika vizuri, kwa gundi, na wateja wote waliopita siku ile waliisoma. Muuza vocha wa jirani akaja kunipa pole, akidhani nimeshtakiwa mimi na ofisi inafungwa.

Vijana, nisikilizeni hapa. Ningeweza kuiacha pale ining'inie. Nilikuwa na hasira ya kutosha kufanya hivyo. Niliambiwa nipumzike, nimepumzika, shauri lao. Lakini nilishajua kwamba mtu ameitwa na yeye hajui. Siku ya shauri asingetokea mtu wa kampuni, mzee wa ng'ombe angesikilizwa peke yake, na amri ingetoka msimu wa alizeti ukiwa umepamba moto. Naomi angekuwa amesimama pale kwenye mashine, watu wanakuja kuizima. Kosa lake ni lipi? Nikaibandua ile karatasi taratibu kwa kisu ili isichanike, nikaitolea nakala, asubuhi yake nikapanda basi la Nduguti.

Njia nzima nilikuwa nimenuna. Tulipochepuka Iguguno vumbi likaingia dirishani, mama mmoja kando yangu akanipa kitenge nijifunike, akaniuliza naenda msibani kwa nani. Ndivyo sura yangu ilivyokuwa.

Naomi nilimkuta ghalani, kajifunga kanga kiunoni, mafuta mpaka viwikoni, anawafokea watu waliokuwa wanashusha magunia. Aliponiona akazima mashine. Kuzima mashine msimu wa alizeti siyo jambo dogo.

"Shikamoo mama! Umekuja mwenyewe? Kuna nini?"

Nikampa karatasi. Akasoma, akarudia, akakaa juu ya gunia la mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa.

"Njia ya ng'ombe. Huyu ni Mzee Shabani, jirani yetu hapo nyuma. Mbona hajaniambia? Na wewe mama, mbona hukunipigia?"

"Nilijua nimeachishwa. Namba niliyonayo ni ya mdogo wako, na hapokei."

"Umeachishwa na nani?"

"Kwani hujui?"

Hakujua. Kitundu alikuwa ameamua peke yake, akapanga kumwambia dada yake siku nyingine, na hiyo siku nyingine haikufika. Naomi alichukua simu yake akampigia mdogo wake, akamwambia neno moja tu, "Njoo." Kitundu alikuwa mjini pale pale Nduguti, akaja na pikipiki yake. Aliponiona mlangoni pa ghala alitaka kugeuza. Niliona kwa macho yangu mguu wake ukitafuta gia.

"Shikamoo mama," akasema akitazama chini.

"Marahaba."

Dada na kaka wakaanza kwa Kiswahili, lakini mambo yalipopamba moto wakahamia Kinyiramba. Mimi ni Mnyaturu, naambulia maneno mawili matatu, ila "Dodoma" niliisikia mara nyingi, na kila Naomi alipoitaja alipiga kofi gunia. Wapakiaji walikuwa wamekaa wanatazama. Mwisho nikachoka.

"Jamani, niulize mimi swali moja halafu niende zangu," nikasema. "Kitundu, nilikuomba barua. Mistari michache tu. Kwa nini hukuandika?"

Akainama kufuta vumbi kwenye kiatu. Naomi akamwambia, "Jibu."

"Mama," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mtoto, "wewe ulikuwa rafiki wa mama yetu. Ulikuja kwenye msiba wake, ulipika. Mimi nianze kukuandikia barua ya kukuachisha kazi, niweke na mhuri? Barua ya namna hiyo anaandikiwa mwizi. Niliona nikuambie kwa mdomo, kwa heshima."

"Na simu zangu?"

"Nilidhani umeumia unataka nikurudishe. Nikashindwa niseme nini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi: ujeuri, dharau, uvivu. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Huyu mtu alikuwa amenihangaisha miezi kwa sababu ananiheshimu! Nilitaka kucheka, hasira ikanikatalia.

"Kitundu," nikamwambia, "hiyo heshima yako imebandikwa mlangoni kwangu kwa gundi. Mtaa mzima wanajua nimeshtakiwa. Dada yako angekuja kuvunjiwa uzio hajui hili wala lile. Barua siyo tusi. Barua ndiyo inayoniruhusu niende nyumbani."

"Sasa nifanye nini mama?"

"Leta karatasi."

Iliandikwa pale pale, juu ya pipa. Rasimu ya kwanza ilianza "Kwa mama yetu mpendwa" na ikaendelea na shukrani mpaka ukurasa ukajaa, hakuna mahali imesema uwakala unaisha. Nikamrudishia. Rasimu ya pili ilisema uwakala unaisha, lakini haikusema lini. Nikamrudishia. Ya tatu Naomi aliandika mwenyewe. Jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti, siyo lile la kwenye bango. Tarehe ya mwisho ya huduma. Karatasi zao zote zilizoko kwangu watakabidhiwa. Anwani mpya. Hapo wakatazamana.

"Dodoma hakuna mtu," nikasema. "Nilimpigia."

"Basi iwe hapa," Naomi akasema. "Ofisi ni hii. Mlango upo, mimi nipo kila siku. Makao makuu ya wilaya yamekuja hapa, maofisi yamejaa, kwa nini barua zetu zizunguke Singida?"

Nikamwambia hilo ndilo lilikuwa la kufanya zamani. Kampuni ikishakuwa na mlango wake na mtu asiyehama, haihitaji mlango wa kuazima. Wakasaini wote wawili, wakapiga mhuri, nakala moja yao, moja yangu. Kisha nikamshika Naomi mkono tukaenda wote kwenye duka la huduma za intaneti, akaingia kwenye akaunti ya kampuni, akatuma mabadiliko kwa msajili mimi nimekaa pembeni yake. Sikubanduka mpaka nilipoona yamepokelewa. Na hata hapo nikamwambia: majibu ya msajili yasipotoka, bado mimi ndiye. Nitakuja barazani.

Nilikwenda kweli. Mwenyekiti alipouliza kama kampuni imefika, Naomi na Kitundu wakasimama. Alipouliza karatasi ilipokelewaje, nikasimama mimi, nikaeleza kwa kifupi. Akaniuliza, "Kwa hiyo wewe ni wakala au siyo wakala?"

"Mheshimiwa, kwa leo ni wakala. Naomba Mungu iwe mwisho."

Watu wakacheka. Mwenyekiti aliinamisha uso, nadhani naye alicheka.

Mzee Shabani, mlalamikaji, alikuwa mtu mzima aliyekonda, na kofia yake nyeupe safi. Alieleza bila kugombana. "Mimi sikutaka baraza. Walipoongeza uzio nilimfuata huyu kijana, nikamwambia, mwanangu, ng'ombe wapite wapi? Akaniambia, mzee, mambo ya kampuni yana wakala wake. Nikamuuliza wakala ni nani, akasema yuko Dodoma. Sasa mimi na ng'ombe zangu twende Dodoma?"

Nilimtazama Kitundu. Kitundu alitazama dari.

Naomi aliomba ruhusa ya kuongea. Akasema uzio ulipoongezwa yeye alikuwa amesafiri kununua vipuri, na aliporudi hakujua kama njia imezibwa, kwa sababu ng'ombe walishaanza kuzungukia mbali. Akasema bati zinaweza kurudishwa nyuma. Mwenyekiti akawapa nafasi watoke nje wazungumze. Wakatoka, wakakaa kwenye benchi, mzee na watu wawili aliowalea akiwa jirani. Nilisikia Mzee Shabani akimuuliza Naomi habari za kaburi la mama yao, kama wamelijengea. Waliporudi ndani walikuwa wamekubaliana: uzio urudi nyuma, njia ibaki, na mashudu Mzee Shabani atakuwa anachukua kwa ajili ya ng'ombe wake kama zamani. Makubaliano yakaandikwa. Nikahakikisha yameandikwa.

Majibu ya msajili yalitoka baadaye. Naomi alinitumia picha, nikaichapa, nikaibana pamoja na barua yao. Nikafunga faili. Nilidhani nitafurahi. Kwa kweli nilikaa pale kitini nikajisikia mpweke, nikamkumbuka mama yao na jinsi alivyowaleta wale watoto ofisini wamevaa nguo za kanisani. Hilo nalo muwe tayari nalo, vijana. Unaweza kudai jambo mpaka sauti ikauke, na siku ukipewa likakuuma.

Sikumwona Kitundu tena mpaka nilipokwisha kuhamia Ikungi. Jumapili moja pikipiki ikasimama uani. Amekuja, na dumu la mafuta ya alizeti limefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Kuna tatizo gani?"

"Hakuna tatizo. Nimekuja kukusalimia."

Sikumwamini mara moja. Nilimwandalia chai, nikasubiri atoe bahasha. Hakutoa. Akauliza mvua zimekuwaje huku, nikamwambia uwele umekubali. Akanipa habari za watoto wake, na kwamba kwaya ya mama yao bado inaimba nyimbo zile zile. Kampuni hakuitaja. Alipomaliza chai akaniambia, bila kunitazama, kwamba alikuwa anataka kusema asante siku nyingi, ila hakujua aiseme wapi. Nikamwambia hapa ndipo penyewe, na hata huko nyuma palikuwepo. Tukamtafutia jogoo wa kurudi naye, tukamfunga miguu, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Hivyo ndivyo watu wanavyoagana, vijana wangu. Lakini angeanza na chai akaacha barua, hadi leo Juma angekuwa anabandika vitu mlangoni pa saluni ya watu. Andikeni barua kwanza, msaini wote, msajili ajue. Halafu njooni Ikungi tunywe chai.